Mvinyo wa Dodoma umepata jina, mpakani bado ni mgeni

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KANSANGA: Jua likishazama, Barabara ya Ggaba haipitiki. Bodaboda zinapenya katikati ya taksi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala wanamiminika kutoka madarasani, na maduka ya vinywaji kuanzia Kabalagala hadi Bunga yanawasha taa zake. Ingia katika mojawapo, nenda moja kwa moja kwenye rafu ya mvinyo, kisha usome maandishi ya nyuma ya chupa. Afrika Kusini. Hispania. Italia. Chini kidogo utaona mvinyo wa matunda uliotengenezwa Uganda. Chupa ya Dodoma utaitafuta sana.

Kwa mfanyabiashara anayefikiri kwa kichwa cha soko, hilo ni jambo la kushangaza. Kansanga si mtaa wa watu wa kabila moja wala nchi moja. Chuo hicho, kilichoanza mwaka 2001, kimevuta vijana kutoka Tanzania, Kenya, Sudan Kusini na Somalia, na mtaa mzima umejengeka kuwahudumia. Mteja anayeijua Dodoma kwa jina yupo. Mvinyo wenyewe upo, tena hauko mbali kama Cape Town. Kinachokosekana ni njia ya kuufikisha hapa kwa bei ambayo mteja huyo ataweza kuilipa.

Zabibu katika nchi kavu

Dodoma ni nchi kavu. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili kwa kawaida, na mkulima wa mahindi hulala akiwa na wasiwasi kila mwaka. Ukavu huohuo ndio uliompa mkulima wa zabibu bahati yake. Mzabibu hauhitaji maji mengi, na hewa kavu hupunguza ukungu unaooza vichala. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo mchana ni jua kali na usiku ni ubaridi unaosaidia tunda kutunza uchachu wake.

Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa matawi, na baada ya miezi michache anavuna. Akipanga vizuri, huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kiangazi ndiyo yanayopendwa zaidi na watengeneza mvinyo, kwa kuwa zabibu zilizoiva bila mvua huwa na sukari nyingi.

Kilimo hiki kilianzia mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki, Bihawana ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Baadaye serikali iliingia. Kituo cha utafiti cha Makutupora ndicho kilichoipa nchi aina ya zabibu nyekundu inayobeba jina lake, Makutupora Nyekundu, ambayo pamoja na Chenin Blanc na Syrah imeenea katika mashamba ya wakulima wadogo. Kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, ilinunua zabibu hizo kwa miaka, kisha ikayumba, na wakulima wakabaki na vichala vinavyooza shambani.

Hapo ndipo viwanda vidogo vilipopata nafasi. Archard Kato alianzisha Alko Vintages mjini Dodoma. Huko Hombolo, nje kidogo ya mji, kampuni ya CETAWICO ilianzishwa kwa ujuzi na mtaji wa Kitaliano. Wakulima nao walijifunza kukamua zabibu zao na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda badala ya kusubiri lori ambalo huenda lisije. Dompo, mvinyo mtamu na mzito wa Dodoma, ukawa jina linalotajwa hata na watu wasiojua zabibu inapandwa vipi. Leo Tanzania hutajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mvinyo wa zabibu Kusini mwa Sahara, ingawa Afrika Kusini iko mbele kwa mbali sana.

Uganda nayo ina hadithi yake. Hapa zabibu si zao la kutegemewa, lakini matunda hayana idadi. Kampuni ya K-Roma, iliyoanzishwa na Prudence Ukkonika, ilijijengea jina kwa mvinyo wa matunda unaoitwa Bella. Ni kiwanda cha ukubwa uleule wa familia na majirani, kilichothibitisha kwamba tunda la mkulima wa kawaida linaweza kukaa kwenye chupa yenye lebo na kuuzwa dukani bila aibu.

Kwa hiyo jina lipo pande zote mbili za mpaka. Swali ni kwa nini jina hilo halivuki.

Ushuru unaosalimu na ushuru unaokaba

Wafanyabiashara wengi wanajua nusu ya kwanza ya jibu. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze kazi Januari 1, 2005, bidhaa yenye asili ya nchi mwanachama imekuwa na haki ya kuvuka bila ushuru wa forodha, baada ya kipindi cha mpito. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu zilizopandwa na kuvunwa Tanzania ni bidhaa ya Jumuiya bila ubishi. Mvinyo wa kutoka nje ya Jumuiya hukutana na ushuru wa pamoja wa nje, na tangu Julai 1, 2022 kuna kundi la nne la asilimia 35 ambalo orodha yake imegusa pia vinywaji.

Kwa hesabu hiyo peke yake, chupa ya Dodoma ilipaswa kuishinda chupa ya ng'ambo kwa bei pale Kansanga. Lakini kuna nusu ya pili, nayo ni ushuru wa bidhaa, ule unaotozwa na kila nchi ndani ya mipaka yake kwa vitu kama pombe, sigara na soda.

Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya Uganda ya mwaka 2014 iligawa mvinyo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mvinyo wa malighafi zilizozalishwa ndani, uliowekewa asilimia 20. Fungu la pili ni mvinyo mwingine wote, uliowekewa kiwango kilichozidi hicho mara tatu au zaidi. Viwango hurekebishwa karibu kila Julai, lakini mgawanyo huo ndio uliobaki kuwa msingi. Kwa mfanyabiashara aliyebeba katoni kutoka Dodoma, neno "ndani" linamaanisha ndani ya Uganda. Zabibu ya Hombolo inasimama mstari mmoja na zabibu ya Stellenbosch.

Tanzania haina sababu ya kunyoosha kidole. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini uliwekewa shilingi 200 tu za Tanzania kwa lita, wakati mvinyo wa zabibu za nje ulilipa zaidi ya shilingi 2,000. Chukua katoni 50 za chupa 12, kila chupa ya mililita 750. Hizo ni lita 450. Kwa zabibu za nchini ushuru ni shilingi 90,000. Kwa zabibu za nje unavuka shilingi 900,000. Kipimo hicho kilimsaidia mkulima wa Dodoma kupata mnunuzi, na hakuna anayemwonea wivu. Lakini nacho kinahesabu zabibu za nchini, si zabibu za Jumuiya.

Sigara zilifungua mlango

Wapo wanaodhani hili ni suala la sera tu, la kulalamikia kwenye semina na kunywa chai. Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ilishasema vinginevyo.

Mwaka 2017 Uganda ilirekebisha sheria yake ya ushuru wa bidhaa na kutoza sigara zilizotengenezwa nje ya nchi, zikiwemo zinazotoka Kenya, kiwango kikubwa kuliko zile zinazotengenezwa nchini. Kampuni ya British American Tobacco Uganda, ambayo sigara zake zilikuwa zikitengenezwa Kenya, ilikwenda mahakamani. Machi 2019 Divisheni ya Mwanzo ya mahakama hiyo iliamua kwamba ubaguzi huo unakiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Umoja wa Forodha. Itifaki hiyo, katika kifungu cha 15, inazikataza nchi wanachama kuitoza bidhaa ya mwenzao kodi ya ndani inayozidi ile inayotozwa bidhaa yao inayofanana nayo.

Mvinyo si sigara, na hukumu ile haikutaja zabibu. Mtetezi wa serikali anaweza kusema mgawanyo wa mvinyo hauangalii kiwanda kiko wapi bali malighafi imetoka wapi, na kwamba lengo ni kumsaidia mkulima. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkulima wa nanasi wa Luwero na mkulima wa zabibu wa Hombolo wote ni raia wa Jumuiya moja iliyoahidi soko moja. Ikiwa sigara ya Kenya haistahili kutozwa kama ya mgeni, mfanyabiashara ana haki ya kuuliza kwa nini mvinyo wa Tanzania unastahili. Swali hilo lingefaa kuulizwa na vyama vya wafanyabiashara kwa sauti moja, kabla ya bajeti kusomwa Juni, wakati bado rasimu zinaweza kuguswa.

Kabla hujapakia katoni

Wakati siasa ikichukua mkondo wake, biashara haisubiri. Anayetaka kujaribu njia ya Dodoma hadi Kampala kupitia Singida, Nzega, Kahama, Bukoba na Mutukula anahitaji kujipanga katika mambo matano.

La kwanza ni mahali pa kununua. Ukinunua dukani Dodoma, bei uliyolipa ina ushuru wa bidhaa na VAT ya Tanzania ya asilimia 18. Ukifika Uganda utatozwa ushuru wa bidhaa wa huko na VAT ya asilimia 18 nyingine. Mzigo mmoja, kodi mara mbili. Nunua kiwandani kwa nyaraka za mauzo ya nje, ili kodi ya ndani ya Tanzania isiingie katika bei yako.

La pili ni cheti cha asili. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupata cheti rahisi cha asili palepale mpakani, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Ukizidi hapo, unahitaji cheti kamili. Na uwe mwangalifu: mvinyo ulioletwa kwa wingi kutoka ng'ambo na kutiwa tu kwenye chupa ndani ya Jumuiya haupati asili ya Jumuiya. Muulize mwenye kiwanda zabibu zimetoka wapi, na upate jibu kwa maandishi.

La tatu ni alama ya ubora. Jumuiya ina viwango vya pamoja, na kwa mvinyo wa kawaida wa mezani ni EAS 138. Sheria ya Jumuiya ya viwango ya mwaka 2006 inataka alama ya shirika la viwango la nchi moja itambuliwe na nyingine. Chupa yenye alama ya TBS isihitaji kuanza upya Uganda. Beba nakala ya cheti cha kiwanda, si lebo peke yake.

La nne, na hili limewakwamisha wengi, ni stempu ya kodi. Tanzania ilianza stempu za kielektroniki mwaka 2019, na Uganda ikafuata na za kidijitali Novemba mwaka huohuo. Stempu ya Tanzania haisomeki Uganda. Chupa bila stempu ya Uganda inaweza kukamatwa ikiwa kwenye rafu ya Kansanga, hata kama ilivuka Mutukula mchana kweupe. Zungumza na mamlaka ya mapato ya Uganda kuhusu stempu na viwango vya mwaka husika kabla fedha haijatoka mfukoni.

La tano ni joto. Mvinyo uliopigwa jua siku mbili juu ya lori hubadilika ladha, na kizibo huanza kusukumwa nje. Funika mzigo, safiri usiku inapowezekana, na ukifika laza chupa zenye vizibo vya gome mahali penye giza. Mteja aliyeonja chupa iliyoharibika njiani hatailaumu barabara. Atailaumu Dodoma.

Kituo cha pamoja cha Mutukula, kilichozinduliwa Novemba 2017 na Marais Yoweri Museveni na John Magufuli, kilipunguza kazi ya kusimama mara mbili. Msafiri sasa hukaguliwa upande mmoja tu, ule anaoingia. Jengo hilo ni ushahidi kwamba nchi mbili zikiamua, mpaka hulegea. Kilichobaki hakihitaji saruji. Kinahitaji neno moja katika jedwali la ushuru, kwamba malighafi ya ndani ni ya ndani ya Jumuiya.

Hadi hapo, anayetaka chupa ya Dodoma hapa Barabara ya Ggaba ataendelea kuitafuta, na muuza duka ataendelea kumpa ya Afrika Kusini.