Gari Limepunguzwa, Vumbi Halikupunguzwa

Gari la mashindano la rimoti la skeli ya 1:8, aina ile inayokimbizwa kwenye udongo na kurushwa juu ya matuta, lina urefu wa takriban nusu mita na uzito wa zaidi ya kilo 3. Likipata sehemu iliyonyooka, kilomita 60 kwa saa ni mwendo wake wa kawaida. Piga hesabu: hizo ni karibu mita 17 kwa sekunde, yaani kila sekunde gari linasogea mara 33 ya urefu wake lenyewe. Gari la Safari Rally pale Naivasha, lenye urefu wa mita 4 na ushei, likipita kwa kilomita 120 kwa saa husogea mara 8 tu ya urefu wake.

Tofauti hiyo ndiyo inayomtesa mpiga picha. Kamera haina habari na kilomita. Inachopokea ni kitu kilichojaza fremu kiasi fulani, na muda kinaochukua kuivuka. Kwa kipimo hicho gari la rimoti lina kasi mara nne ya gari la rali. Mtu aliyezoea kupiga picha za magari makubwa, akisimama kwa mara ya kwanza kando ya njia ya haya madogo, huondoka na picha nyingi za udongo mtupu, na hapa na pale ncha ya bawa la nyuma ikiishia ukingoni.

Ni rahisi kudhani kwamba kitu kikifanywa kidogo, kila kinachokihusu hupungua pamoja nacho. Fundi anaweza kupunguza tairi, shokabzoba na injini, lakini hana mamlaka juu ya mvutano wa dunia, mwanga, chembe ya vumbi wala tone la maji. Gari limepungua mara nane. Hivyo vingine vimebaki vilevile. Karibu kila ugumu wa kupiga picha mchezo huu, na karibu kila uzuri wake, unatoka hapo.

Chukua suala la kulifuata gari kwa kamera. Ukiwa na lenzi ya milimita 200 kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36, gari la nusu mita litajaza picha ukiwa umbali wa mita 3. Linapopita mbele yako kwa kilomita 60, unatakiwa uzungushe kamera kwa kasi ya zaidi ya digrii 300 kwa sekunde. Kwa gari la rali, ambalo ungelipiga kwa lenzi hiyohiyo kutoka mita 24, digrii 80 kwa sekunde zinatosha. Kiuno cha binadamu hakiwezi digrii 300 kwa utulivu. Wanaoujua mchezo huu huhamia kwenye kona kali, ambapo gari linapunguza mwendo, na husimama mahali linapowajia usoni kabla ya kukata kona, kwa kuwa kitu kinachokujia hakikulazimishi kuzunguka.

Hapo shida inahamia kwenye fokasi. Kamera ikichelewa kwa moja ya ishirini tu ya sekunde, gari la kilomita 60 limeshasogea sentimita 80, zaidi ya urefu wake wote. Njia nyingi za udongo hutenganishwa kwa bomba la plastiki lenye mikunjo, lililopigiliwa chini. Chagua mkunjo mmoja, weka fokasi hapo kwa mkono, kisha lingoje gari. Ni mbinu ya zamani, kutoka enzi za kamera zisizojilenga zenyewe, na kwa magari madogo bado inafanya kazi vizuri ajabu.

Lakini mahali panapostahili muda wako mwingi kuliko pote ni kwenye tuta la kurukia. Gari likipanda mita 1 juu ya pale lilipoachia ardhi, litakaa hewani kwa takriban sekunde 0.9 hadi kurudi kimo kilekile. Muda huo hauna uhusiano na ukubwa wa gari. Jiwe, mpira wa watoto au lori zima, vikipanda mita moja, vyote vinarudi baada ya sekunde 0.9. Na ndani ya sekunde hizo kuna zawadi: nusu ya muda wote wa hewani gari huutumia katika robo ya juu ya kimo chake. Katika mruko huu, hizo ni sekunde 0.45 ndani ya sentimita 25 za mwisho. Halipandi kwa kasi wala halishuki kwa kasi. Linasonga mbele tu. Kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde itaondoka na nne au tano, na mkono wako una kazi moja tu, kwenda upande.

Ukilitazama gari kwa makini likiwa pale juu, utaona dereva bado analiendesha ingawa hakuna tairi inayogusa kitu. Akiongeza mafuta, magurudumu yanazidi kuzunguka kwenda mbele na mwili wa gari unajibu kwa kuzunguka kinyume: pua inainuka. Akifunga breki, magurudumu yanasimama na mzunguko wao unahamia kwenye gari zima: pua inashuka. Ni kanuni ya kuhifadhika kwa mzunguko, ileile inayomsaidia paka anayeanguka kutua kwa miguu, na hapa unaiona ikitumiwa na kidole cha mtu aliye mbali. Picha nzuri ya mruko inaonyesha uamuzi huo. Pua iliyoinuka kidogo huku magurudumu ya mbele yamekatwa kuelekea kona ijayo inakwambia dereva alikuwa anawaza nini.

Magurudumu yenyewe yanadai uangalifu. Tairi la gari hili lina kipenyo cha sentimita 11 hivi, kwa hiyo kwa kilomita 60 linazunguka mara 48 kwa sekunde. Tairi la gari la rali kwenye kilomita 120 halifiki 20. Ukiweka shata 1/2000 ya sekunde, gurudumu litageuka digrii 9 tu na gari litaonekana limeegeshwa, hata likiwa hewani. Kwa 1/250 linageuka karibu digrii 70: vijino vya tairi vinayeyuka kuwa utepe na maandishi ya kwenye rimu yanakuwa duara la rangi. Kwa gari linalosafiri ardhini nachagua 1/250, hata kama nusu ya picha zitaharibika, kwa sababu mbio zisizo na dalili ya mwendo zimepoteza kiini chake. Juu ya tuta naruhusu 1/1000. Kule urefu kutoka ardhini unatosha kusema gari linakwenda.

Kuna jambo jingine la kuvutia usipolifuata gari bali ukiacha kamera imetulia. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi, kama haitelezi, kwa nukta hiyo haisogei kabisa, ilhali sehemu ya juu ya tairi hiyohiyo inakwenda mara mbili ya kasi ya gari. Kwenye picha ya 1/1000, vijino vya chini vinaweza kuhesabika na vya juu vimefutika. Tairi moja, kasi zote mbili, ndani ya sentimita 11.

Shata nayo ina tabia zake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kijana Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha ya gari kwenye mbio kubwa za Ufaransa. Gurudumu la nyuma limekuwa yai lililoinamia mbele, na watazamaji wa pembeni wamelala upande wa pili. Shata ya kamera yake ilikuwa mwanya uliopita mbele ya bamba, ukiandika sehemu ya chini ya tukio kwanza na ya juu baadaye. Kati ya chini na juu gari lilikuwa limesogea. Naye aliifuatisha kamera polepole kuliko gari, ndipo watu nao wakainama kinyume. Picha hiyo ilikuja kujulikana sana baada ya maonyesho yake katika jumba la sanaa la MoMA, New York, mwaka 1963, na kwa wengi ndiyo sura ya kasi yenyewe.

Simu ya mkononi inafanya jambo lilelile. Vihisi vingi husoma picha mstari kwa mstari, na kwa vile visivyo vya haraka kazi hiyo inaweza kuchukua 1/30 ya sekunde. Gari likichukua theluthi ya kimo cha picha, kati ya mstari wa paa na mstari wa tairi linakuwa limesogea sentimita 18, zaidi ya theluthi ya urefu wake, nalo linatoka limepinda. Mwaka 2023 Sony ilitangaza a9 III, kamera ya kihisi kikubwa inayosoma pikseli zote kwa mara moja, na mpindo huo ukaisha kwa wenye uwezo wa kuinunua.

Tuseme sasa picha imetoka: kali, iko katikati ya fremu, vumbi lipo. Mtu akiiona anasema papo hapo, "Hiki ni cha kuchezea." Amejuaje, na hakuna kitu cha kulinganishia?

Amejua kwa ukungu. Lenzi ile ya milimita 200 kwenye tundu la mwanga la f/4, ikilengwa mita 24, inaonyesha kwa ukali eneo lenye kina cha mita 3 na nusu. Gari la rali karibu lote linaingia. Ikilengwa mita 3, kina hicho kinabaki sentimita 5. Umbali umepungua mara nane, kina kimepungua mara 64. Taa ya mbele ya gari iko wazi, bawa la nyuma limeshapotea. Ubongo wetu umezoea kwamba vitu vya karibu ndivyo vyenye ukungu wa namna hiyo, kwa hiyo unahitimisha kwamba ulichokiona ni kidogo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa ukungu ukiongezwa kwa mpangilio huo kwenye picha ya mji halisi, watu huuona mji kama modeli ya mezani. Mpiga picha Mwitaliano Olivo Barbieri alikuwa ameshautumia udanganyifu huo kutoka kwenye helikopta, kwa lenzi iliyoinamishwa.

Kufunga tundu hadi f/16 kunaongeza kina hadi sentimita 21 hivi, bado chini ya nusu ya gari, na mwanga unapungua mara 16. Hapa ndipo simu inapoizidi kamera ya bei ya nyumba. Lenzi yake halisi ina milimita 6 hivi. Ikilengwa mita 1, huonyesha wazi kuanzia karibu sentimita 77 hadi mita 1.4. Gari zima linaingia. Ishushe simu hadi sentimita 20 kutoka ardhini, maana hapo ndipo yangekuwa macho ya mtazamaji kama naye angepunguzwa mara nane, na tuta la kufika magotini linageuka kilima. Iegeshe, iwashe kwa mbali, wewe ukae nyuma ya uzio. Kilo 3 zikija kwa kilomita 60 kwa saa zina nguvu ya kitu kilichoanguka kutoka ghorofa ya nne.

Hata hivyo vumbi litakusaliti. Punje ya mchanga haikupunguzwa, kwa hiyo nyuma ya gari dogo yanaruka mabonge pale gari kubwa lingeacha wingu. Maji yanasaliti zaidi, kwani mvutano wa uso wake hukusanya matone ya milimita kadhaa bila kujali nani ameyarusha. Pembeni ya gari la nusu mita tone hilo ni kubwa kama ngumi. Kwenye video, kinachosaliti ni kuanguka: mruko wa mita 1 kwa gari hili ni sawa na mita 8 kwa gari kamili, na mita 8 huchukua sekunde 2.6. Ili uzito uonekane, rekodi kwa fremu 70 kwa sekunde kisha uonyeshe kwa 25. Uwiano wake ni kipeuo cha pili cha 8. Eiji Tsuburaya na mafundi wake wa filamu ya Godzilla ya mwaka 1954 waliiharakisha kamera kwa sababu hiyohiyo, majengo yao ya skeli yaanguke kwa uzito wa majengo.

Binafsi sioni haja ya kumfanya mtazamaji aamini gari ni kubwa. Magari haya yana historia yake: Elettronica Giocattoli ya Reggio Emilia, Italia, iliuza Ferrari ya rimoti mwaka 1966, na Tamiya ya Shizuoka ikaleta Porsche 934 mwaka 1976. Yana mabingwa wake pia, na hakuna jina linalozidi la Masami Hirosaka wa Japani, mwenye mataji 14 ya dunia. Umtafute vipi kwenye picha ya gari lake? Hayumo. Yuko kwenye jukwaa refu, bega kwa bega na wapinzani wake, wote wakitazama chini.

Ndiyo maana katika kila mbio napanda jukwaa hilo kwa dakika chache, kama waandaaji wakiruhusu, na kusimama nyuma ya madereva bila kumgusa yeyote. Rimoti nyingi za mashindano zina umbo la bastola: kidole cha shahada kinavuta kichochezi cha mafuta na kukisukuma kwa breki, mkono wa pili unazungusha kigurudumu cha usukani. Misogeo yote ni ya milimita. Shata ya 1/30 inatosha kwa vidole hivyo, na kwa 1/30 magari yaliyo chini yanakuwa mistari ya rangi inayokata udongo. Fokasi naiweka kwenye kidole cha shahada.