Nani Alilala Humo Usiku wa Kuamkia Leo?

Mimi ni mdadisi wa kaya. Mwenyekiti wa kitongoji akishanitambulisha, napiga hodi nyumba hadi nyumba na kishikwambi changu, nauliza habari za malaria. Wengi hudhani swali letu kubwa ni "mna vyandarua vingapi?" Hilo ndilo jepesi. Lenye kazi ni linalofuata: nani alilala ndani ya chandarua hiki usiku wa kuamkia leo?

Bibi mmoja kanda ya ziwa alinijibu bila kusita, "Vipo mwanangu, vitatu." Nikaomba kuviona. Kimoja kilikuwa kitandani kwake. Cha pili kilikuwa sandukuni, bado ndani ya mfuko wake, kikisubiri wageni. Cha tatu kilifunika tuta la miche ya nyanya. Wajukuu walilala sebuleni kwenye mkeka. "Sasa mwanangu, hapo katikati ya chumba nitakifunga wapi?" akaniuliza. Kwenye daftari la ugawaji kaya ile ilikuwa imekamilika, ilhali aliyekingwa ni bibi peke yake.

Kile cha kitandani nikakikagua matundu. Vipimo vyetu ni mwili: tundu lisilopitisha dole gumba, linalopitisha dole gumba lakini si ngumi, linalopitisha ngumi lakini si kichwa, na linalopitisha kichwa. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha chandarua hudumu muda gani hasa nyumbani kwa mtu.

Kinga yoyote ya afya ya jamii huhitaji macho ya namna hiyo, na historia ya vyandarua Tanzania inaonyesha faida yake. Mwaka 2004 ilianzishwa Hati Punguzo. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaipeleka dukani, akaongeza fedha kidogo na kupata chandarua. Tathmini zikagundua kwamba nyongeza hiyo ndiyo iliyowakwamisha wanawake maskini. Mpango haukutupwa, ulirekebishwa: mwaka 2009 nyongeza ikawa shilingi 500 tu, na chandarua kikawa cha dawa ya muda mrefu, kisichohitaji kuchovywa upya. Zikafuata kampeni za kugawa bure nchi nzima. Na kwa kuwa vyandarua huchakaa, kuanzia 2013 wanafunzi wa Lindi, Mtwara na Ruvuma wakaanza kupewa shuleni wavipeleke nyumbani.

Mbu nao hawakukaa kimya. Walijenga usugu dhidi ya dawa iliyozoeleka. Wilayani Misungwi, Mwanza, watafiti walilinganisha aina nne za vyandarua vilivyogawiwa mwaka 2019. Baada ya miaka miwili, penye vyandarua vya kawaida, watoto wapatao 46 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Penye vyandarua vilivyoongezwa dawa iitwayo klorofenapiri, walikuwa 26. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza aina hiyo itumike penye mbu sugu.

Lakini hata chandarua bora kuliko vyote hakimkingi mtoto asiyelala ndani yake, wala mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani. Kwa mvuvi yule inatakiwa kinga nyingine. Kwa wajukuu wa yule bibi, pengine misumari minne na kamba, na mhudumu wa afya wa kijiji wa kumwonyesha namna ya kukifunga juu ya mkeka na kukikunja asubuhi.

Shida ni kwamba watu hutuogopa. Wakidhani tumekuja kukamata, cha kwenye miche kitaondolewa kabla sijafika uani, nami nitaandika uongo mtupu. Ndiyo maana huanza kwa kueleza kwamba hakuna atakayenyang'anywa kitu, na jibu la "hakuna aliyelala humo" nalipokea kwa uso uleule ninaopokelea jibu zuri.

Basi viongozi wakija kijijini kwenu kusoma taarifa kwamba vimegawiwa vyandarua kadhaa wa kadhaa, pigeni makofi, kisha mmoja wenu anyooshe mkono na kuuliza: waliolala ndani yake ni wangapi, wasiolala wamezuiwa na nini, na safari ijayo mtabadilisha nini?