Kigong'ota Aliyepungukiwa Nyumba

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa wanyamapori wa Marekani walikadiria kuwa kigong'ota mmoja wa misonobari ya kusini-mashariki mwa nchi hiyo, Dryobates borealis, amebakiwa na makazi ya familia 1,470 hivi tu. Kabla ya misitu yake kufyekwa, inakadiriwa familia zake zilikuwa kati ya milioni 1 na milioni 1.6. Leo makazi yamefika 7,800 hivi, katika majimbo 11. Anguko hilo halikuletwa na bunduki wala njaa. Ndege huyu alikosa pa kulala.

Ni ndege mdogo, urefu sentimita 20 na ushei, mwenye mashavu meupe na mgongo wa milia myeusi na myeupe. Dume ana alama nyekundu kichwani, ndogo mno hata ni shida kuiona. Kinachomtofautisha na vigong'ota wenzake wa Amerika Kaskazini ni tabia yake ya kuchimba tundu katika msonobari ulio hai tu. Mti hai ni mgumu na hutoa utomvu unaonata, kwa hiyo huchagua mti mzee, mara nyingi wa miaka 80 na zaidi, ambao kiini chake kimelainishwa na kuvu. Hata hapo, tundu moja huweza kumchukua miaka kadhaa, na pengine hupita 10.

Kazi ikiisha, hutoboa vijitundu kuzunguka mlango, naye huvirudia mara kwa mara ili utomvu uendelee kutiririka. Nyoka apandaye kutafuta mayai hunata na kushindwa kusonga mbele. Ukiutazama mti huo kwa mbali unang'aa kama mshumaa unaochuruzika nta, na hapo ndipo wahesabuji wanapopata ushahidi wao: utomvu mbichi maana yake tundu lina mwenyewe, ukikauka na kugeuka kijivu maana yake amehama.

Kwa kuwa nyumba ni adimu hivyo, vijana wa kiume wengi hawaondoki. Hubaki kwa wazazi, wakisaidia kuatamia mayai na kulisha wadogo zao, huku wakisubiri nafasi ya dume mwenye tundu ipatikane hapo au kwa jirani. Ndiyo maana watafiti huhesabu familia, si ndege mmoja mmoja.

Misonobari ya majani marefu iliyokuwa maskani yake ilifunika takriban hekta milioni 36. Mbao na mashamba viliimaliza hadi ikabaki kama asilimia 3. Pale iliposalia, watu walizuia moto kwa nia njema. Kumbe msitu huo uliumbwa na moto wa radi na wa wenyeji wa asili wa Amerika, uliopita chini kila baada ya miaka michache. Moto ulipokoma, mialoni ilikua hadi kufikia usawa wa matundu, na ndege akahama.

Alitambuliwa kisheria kuwa hatarini kutoweka mwaka 1970, lakini tangazo halichimbi tundu. Katika eneo la Savannah River, South Carolina, walikuwa wamebaki ndege wanne mwaka 1986. Kisha, Septemba 1989, kimbunga Hugo kilipiga msitu wa Francis Marion katika jimbo hilohilo na kwa usiku mmoja kikaangusha asilimia 87 ya miti yenye matundu. Asilimia 63 ya ndege waliuawa.

Jibu lilikwisha kuanza kupatikana North Carolina. Watafiti walitoboa matundu kwa mashine katika maeneo 20 yasiyokuwa na familia, na 18 yakapata wakazi. Maeneo waliyoyaacha bila kutobolewa yalibaki matupu. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko yote katika habari hii, kwa sababu unaonyesha kuwa ndege walikuwapo na chakula kilikuwapo, pa kuishi tu ndipo hapakuwapo.

Tangu hapo kazi imekuwa ya mikono. Fundi hupanda ngazi ndefu, hukata shina kwa msumeno wa mnyororo, huchomeka kisanduku cha mbao chenye mlango wa duara na kuziba kingo zake. Ndege huweza kuhamia muda mfupi baadaye. Wengine huhamishwa kutoka misitu yenye familia nyingi, na misitu huchomwa kwa mpango kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Oktoba 2024 serikali ya Marekani ilimshusha daraja, kutoka aliye hatarini kutoweka hadi anayetishiwa. Idadi inaruhusu kusema hivyo, lakini nina wasiwasi na usomaji wa haraka wa idadi hiyo. Familia nyingi zinalala katika visanduku vinavyohitaji kukaguliwa na kubadilishwa, na kimbunga Michael cha 2018 kilifika hadi msitu wa Apalachicola, Florida, kwenye kundi kubwa kuliko yote. Msonobari uliopandwa mwaka huo wa 2024 utatimiza miaka 80 mwaka 2104. Hadi hapo, bajeti ya ngazi, visanduku na moto wa kupangwa ikikatwa, idadi ya familia itashuka tena.