Mlima Nyuma ya Video

Julai 2018 video moja ya kutisha ilienea mitandaoni. Wanajeshi wanawaswaga wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wanawapiga risasi. Serikali ya Cameroon ilisema ni uzushi. Wachunguzi wa BBC Africa Eye hawakubishana nayo kwa maneno. Waliutazama mlima uliokuwa nyuma. Mstari wa vilele vyake waliulinganisha na picha za satelaiti hadi ukaoana na eneo la Zelevet, kaskazini mwa nchi hiyo. Kisha wakapima vivuli vya askari, wakapata kwamba mauaji yalifanyika kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga askari wanne miaka 10 jela.

Elimu hiyo inaifaa Ufipa kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Uwanda huu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa umetawaliwa na nyasi, na jicho linafika mbali. Kuna milima ya Mbizi karibu na mji wa Sumbawanga, na kuna ukingo wa Lyamba lya Mfipa unaoporomoka kuelekea bonde la Rukwa. Kila kijiji kinachoiona milima hiyo huiona kwa pembe yake. Anayerekodi tukio akiinua simu kwa sekunde chache na kuzungusha kamera taratibu hadi upeo wa macho uonekane, amekwisha kuandika anwani ambayo mwenye kukana atapata taabu kuifuta.

Jua nalo linatoa ushahidi. Sumbawanga iko takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kati ya tarehe hizo kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini; miezi iliyobaki huelekea kusini. Mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha adhuhuri cha karibu mita 1 Juni 21, lakini Desemba 21 hakizidi nusu mita, tena kimegeukia upande wa pili. Akija mtu kudai kuwa video ya Desemba ni ya Juni, kivuli kitamsuta. Mchunguzi akumbuke pia kwamba saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki, ilhali Sumbawanga iko karibu na nyuzi 31.6. Ndiyo maana jua la hapa hufika kilele, kwa wastani, saa 6:54 mchana, nusu saa baada ya Dar es Salaam.

Hata shamba lina tarehe yake. Wafipa hufukia nyasi katika matuta ya mviringo, intumba, mvua zinapokaribia kwisha, na msimu unaofuata huyasambaza ili kupanda nafaka. Mkulima wa Ufipa akiona matuta hayo nyuma ya tukio anaweza kukisia miezi, jambo ambalo mtaalamu aliyeko ng'ambo hataling'amua bila kumuuliza.

Haya yote hupotea tunapoiharibu video kwa mikono yetu. Ikitumwa kama video ya kawaida kwenye kundi la WhatsApp, hubanwa, ubora hushuka, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama mahali ilikorekodiwa, huondolewa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaukubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hupima namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haukuguswa. Nakala iliyopita kwenye simu arobaini itajibu nini hapo?

Mashariki mwa Kongo wameshaonyesha njia. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu katika vijiji vya Kivu Kusini. Miongoni mwa ushahidi zilikuwemo picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness. Programu hiyo hunasa saa na mahali papo hapo, na huipa kila picha namba ya kipekee inayobadilika ukigusa hata nukta moja.

Kamera haitatibu kila kidonda. Watu wenye ualbino waliokatwa mikono Rukwa mwaka 2013 na 2015 hawakuwa na mpita njia wa kuwarekodia. Lakini pale kundi la watu linapompiga mtuhumiwa wa wizi au kikongwe anayesingiziwa uchawi, simu huwa nyingi. Naamini kuzigeuza simu hizo kuwa burudani ya kundi ni kumdhulumu mtu mara ya pili.

Basi wewe uliye Laela, Mtowisa au Kasanga: usijiweke hatarini kwa ajili ya picha. Ukiweza kurekodi kwa usalama, onyesha mlima, kivuli na barabara. Usikate, usiongeze maandishi, usisambaze uso wa aliyeumizwa. Tunza faili ya awali kwenye simu iliyorekodi, weka nakala mahali pengine, kisha uifikishe kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora au kwa wanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.