Jengo Moja, Jumuiya Nyingi: Mfano wa Brick Lane, London

Aghalabu jengo la ibada hudhaniwa kuwa milki ya dini iliyolijenga. Makala haya yananuia kuonyesha, kwa mfano mmoja, kwamba jengo la aina hiyo huweza kudumu kwa sababu matumizi yake hubadilika.

Katika mtaa wa Spitalfields, mashariki mwa London, kando ya barabara ya Brick Lane, limesimama jengo la matofali lililojengwa mwaka wa 1743. Waliolijenga ni Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Mfalme Louis XIV alikuwa amewanyima uhuru wa kuabudu mnamo 1685, na wengi wao wakakimbilia Uingereza, ambako walisifika kwa ufumaji wa hariri. Vizazi vyao vilipotangamana na Waingereza, Kifaransa kilififia na kanisa likapungukiwa na waumini. Mwaka wa 1809 lilianza kutumiwa na chama cha Kikristo kilichokusudia kuwaongoa Wayahudi. Mnamo 1819 likawa kanisa la Wamethodisti.

Kinaya ni kwamba mwaka wa 1898 Wayahudi wenyewe, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, waliligeuza kuwa sinagogi. Wao nao walipohamia sehemu nyingine za jiji, mtaa ulipata wakazi wapya, Waislamu kutoka Bangladeshi. Tangu mwaka wa 1976 jengo hilo limekuwa msikiti.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, istilahi zenyewe zina funzo. Neno 'kanisa' tulilipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake wa Kisemiti hubeba dhana ya kukusanya. Mzizi uo huo umo katika jina la Kiebrania la sinagogi, lenye maana ya nyumba ya kukusanyikia. 'Sinagogi', neno la asili ya Kigiriki, vilevile ni mkusanyiko. 'Msikiti' nao una mzizi mmoja na 'sujudu'. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalotaja ukuta wala paa. Yote hutaja kitendo cha watu.

Kwa kuhitimisha, ukutani ingalipo saa ya jua ya mwaka wa 1743, yenye maandishi ya Kilatini yanayotukumbusha kwamba sisi ni kivuli. Kila jumuiya iliyoingia iliiacha mahali pake. Lau milango ingalifungwa Wahugenoti walipotawanyika, yamkini jengo lenyewe lisingalikuwapo. Waliolirithi ndio waliolihifadhi.