Chatu Hasafiri na Masurufu

Swali huja kwa adabu zote, na huja karibu kila mara mtu anapotaka kumtuma nyoka au mjusi wake kwa mnunuzi wa mji mwingine: "Dokta, boksi ninalo, mzigo nimeshalipia. Sasa, atakula nini njiani?" Hali chochote. Hali njiani, hali asubuhi ya safari, na akiwa chatu hali wiki nzima kabla ya safari. Baada ya jibu hilo hufuata kimya kifupi, kimya cha mtu anayejiuliza kama namba aliyopewa ni ya daktari wa wanyama au ya adui wao. Kisha swali hurudi likiwa limepunguzwa bei: "Hata kipanya kimoja kidogo?"

Hata hicho kimoja.

Naelewa linakotoka. Kwetu mtu hafungi safari na tumbo tupu. Anayepanda basi la alfajiri hufungiwa vitumbua, na mtoto anayerudi bweni hujaziwa begi hadi zipu inakataa kufunga. Ni desturi njema, sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza pale inapohamishiwa kwa mnyama ambaye mwili wake haukuumbwa hivyo, kisha maiti ikaletwa kwangu na maelezo kwamba kampuni ya mizigo imeua nyoka.

Tuanze na njaa yenyewe, maana ndiyo inayowatisha watu. Mbwa, paka na binadamu huchoma sehemu kubwa ya chakula chao ili mwili ubaki na joto lile lile usiku na mchana. Reptilia hana gharama hiyo. Joto hulipata juani, kwenye mwamba au chini ya taa uliyomnunulia, na kwa hiyo akiwa ametulia hutumia takriban moja ya kumi ya nishati inayotumiwa na mamalia wa uzito wake. Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akitishwa hujiviringa na kuficha kichwa katikati, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana Marekani na Ulaya. Wafugaji wake wanajua kwamba anaweza kususa panya kwa miezi kadhaa, akiwa kwenye kizimba chenye joto na maji, bila kukonda kiasi cha kutisha. Huyo ndiye mnayemhurumia kwa usiku mmoja ndani ya boksi.

Shibe ndiyo itakayomuua. Chatu akimeza mlo, viungo vyake huingia kazini kwa namna ambayo sisi hatuijui. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya chatu wa Burma: ndani ya saa 48 baada ya kula, misuli ya chumba cha chini cha moyo ilikuwa imeongezeka uzito kwa asilimia 40. Kumeng'enya mnyama mzima, na mifupa yake na manyoya yake, ni kazi nzito hivyo, na mlo ukiwa mkubwa matumizi ya oksijeni hupanda zaidi ya mara kumi. Sasa mtu yule yule anayeniuliza mara tatu atoboe matundu mangapi ili nyoka asikose hewa, ndiye aliyempa panya asubuhi. Nyoka mwenye tumbo tupu, aliyetulia gizani, anatumia hewa kidogo mno, na matundu machache madogo yanamtosha. Anayedai hewa nyingi ni yule uliyemshibisha wewe mwenyewe.

Upande wa joto mambo ni mabaya zaidi. Ili amalize kumeng'enya panya, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anahitaji sehemu ya kizimba yenye nyuzi 31 au 32 za Selsiasi. Ndani ya boksi la safari tunalenga 21 hadi 27, na usiku, kwenye sakafu ya ghala, huweza kushuka chini ya hapo. Tumbo likipoa, vimeng'enya hulegea, lakini bakteria waliokuja na panya hawaachi kazi yao. Chakula ndani ya nyoka aliyepoa ni sawa na kunde zilizoepuliwa mbichi zikaachwa na maji yake hadi kesho: kuiva hazikuiva, na zimeshachacha. Tumbo hujaa gesi. Boksi linapita kwenye mkanda wa kupangia mizigo, linapinduliwa, linadondoshwa, na nyoka anafanya jambo pekee la busara lililobaki: anatapika.

Kutapika kizimbani ni balaa, na kutapika ndani ya mfuko uliofungwa ni msiba. Mfuko unambana pamoja na matapishi, tundu lake la kupumulia liko mbele kabisa mdomoni, na asiyekufa kwa kupaliwa hubaki na koo lililounguzwa na asidi. Huyo nitakataza asilishwe kwa wiki mbili angalau, kisha aanze na mlo mdogo. Pigeni hesabu wenyewe: kipanya cha kumwepusha na njaa ya usiku mmoja kimemletea njaa ya siku 14, na bili yangu juu yake.

"Wangu ni kobe, Dokta," husema mwingine, akidhani ameponyoka. Hajaponyoka. Jani la sukuma wiki na kipande cha nyanya vilivyotiwa ndani ya boksi hufika vikiwa rojo lililochanganyika na kinyesi, na kobe amelilalia usiku kucha. Majani huchukua siku nyingi kupita kwenye utumbo wake, kwa hiyo hata asipotiliwa kitu bado anasafiri na chakula mwilini. Akiba inayohitaji kujaliwa ni ya maji, ambayo huiweka kibofuni na huimwaga yote akishtuka. Mwogeshe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyomfika kidevuni, anywe, umkaushe, ndipo umfungashe.

Wafuga mijusi nao humtilia mnyama nyenje hai ndani ya kopo, eti ajipatie njiani. Mjusi aliyepoa na kuogopa hawindi. Nyenje kwa upande wake ana njaa na ana taya, na huanza na vidole vya mwenzake, kisha kope. Wengine humpa mnyama glukosi kwa bomba la sindano dakika ya mwisho, na nusu ya dawa huishia mapafuni. Nani aliyewafundisha mambo haya sijui, ila natamani awe analipa yeye matibabu.

Kinachomwangusha msafiri mapema kuliko njaa ni ukavu, na hapo kinyonga wetu ana historia. Mwaka 1972 mwenye duka moja la wanyama huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea shehena ya kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekauka maji, hivyo akawaachia kwenye ua wa nyumba yake wapate nafuu. Nafuu wakaipata, wakatawanyika, wakazaana, na hadi leo Hawaii inahangaika nao kwa sababu wanakula wadudu na konokono wasiopatikana kwingine duniani. Mdudu wa kutiliwa kwenye boksi asingewasaidia kitu, kwa kuwa kinyonga aliyekauka hali hata ukimwekea mdomoni. Tena hajui bakuli. Hunywa matone yaliyo juu ya majani. Asubuhi ya safari mnyunyizie majani yake kwa muda mrefu, anywe hadi aache mwenyewe.

Basi, mfungo ni hivi. Nyoka siku saba, na aliyemeza mlo mkubwa kumi au zaidi. Mijusi wazima siku mbili hadi tatu. Kobe siku moja au mbili. Kinyonga na wachanga wote, ambao kweli hawana akiba, siku moja tu. Maji waachiwe wote hadi dakika ya kufungashwa, na ndani ya boksi kusiwe na bakuli. Mgonjwa, aliyekonda, mwenye mayai au aliye karibu kujivua ngozi hasafiri kabisa.

Pakiti ya joto ni imani ya pili, ila hii nitaimaliza haraka. Ndani yake mna unga wa chuma unaopata joto ukikutana na oksijeni, maana yake pakiti inagombea hewa ile ile na mnyama wako, na uso wake huweza kupita nyuzi 50. Itumike tu kama njiani kuna baridi ya chini ya nyuzi 15 hivi. Tafuta za saa 40 au 72 zilizotengenezwa kwa mizigo, kwani zile ndogo za kupashia viganja huwaka sana na kuzimika mapema. Ibandike kwenye mfuniko kwa ndani, karatasi katikati, isimguse mnyama, na ujaribu boksi tupu lenye kipimajoto siku moja kabla. Mahali pakipita nyuzi 32, usitume: baridi ya saa chache reptilia huweza kuivumilia, joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani humuua upesi.

Sasa kufungasha. Mnyama mmoja, mfuko mmoja. Nyoka aingie kwenye mfuko wa kitambaa chepesi uliogeuzwa, mishono ikae nje ili nyuzi zisimnase, ukafungwa fundo juu bila kumbana. Mijusi waingie kwenye makopo ya plastiki yenye matundu yaliyotobolewa kutoka ndani kwenda nje, kingo zisiwakwaruze, na karatasi laini ya kushikilia. Kinyonga akae peke yake, asimwone mwenziwe, na awe na kijiti kilichokazwa cha kushika. Kobe awe kwenye chumba kifinyu asipinduke. Vyote hivyo viwekwe ndani ya boksi lililozungushiwa lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya, unene wa sentimita mbili, na nafasi zijazwe karatasi zilizokunjwakunjwa hadi ukitikisa usisikie kitu. Nje liwe katoni imara, matundu machache, mishale ya kuonyesha juu, maneno "wanyama hai", jina la kisayansi na idadi. Mwenye sumu hahusiki na aya hii. Muone mtaalamu ana kwa ana.

Tuma Jumatatu hadi Jumatano, kwa huduma ya kufika kesho yake, kamwe si mkesha wa sikukuu. Mpokeaji achukue mzigo mwenyewe kwenye kituo cha kampuni badala ya kuuacha uzunguke na gari mchana kutwa. Uliza kampuni kwanza, kwani nyingine hazipokei reptilia bila makubaliano ya awali. Posta ya Marekani huchukua mijusi wadogo wasio na madhara, ila si nyoka wala kobe. Kwa ndege fuata kanuni za wanyama hai za IATA, shirikisho la mashirika ya ndege, toleo la mwaka huu.

Na kwa wale wanaoomba "kinyonga mmoja tu wa kumbukumbu" atoke nyumbani: hapana. Karibu kinyonga wote wa Afrika Mashariki wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, na kobe mwenye gamba bapa wa miambani wamo katika cha Kwanza, ambacho hakiruhusu biashara ya waliotolewa porini. Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na tangazo la kuufungua la mwaka 2022 likasitishwa upesi. Kenya, bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, hata kumfuga tu ni kosa. Ukimtia kwenye soksi ndani ya sanduku la nguo, umefanya uhalifu na umemuua.

Akifika, boksi lifunguliwe hapo hapo. Mnyama apewe maji, joto linalomfaa na mahali pa kujificha, kisha aachwe. Nyoka alishwe baada ya siku tano hadi saba, mijusi na kobe watangulie kuliko hapo. Mpime uzito siku ya kwanza na uuandike. Akipumua kwa mdomo wazi, akitoa mapovu puani au akipoteza sehemu ya kumi ya uzito, nipigie hata usiku wa manane. Kwa kukataa panya jioni ya kwanza, usinipigie.