Usiku ni wa Kudoz: Transiti ya Addis Bila Ngori

Wasee wengi wakiona kwa tiketi "Addis, masaa kumi na nane" wanaanza kulia. Manze, hiyo ni jiji mzima umepewa juu ya safari yenye ushalipia! Shida ni venye watu hupanga hizo masaa. Wanashuka usiku na mori ya kuzurura, alafu asubuhi, mji ukifunguka, wako hoi kwa hoteli wanakoroma. Geuza hiyo form. Usiku dozi, mchana zurura.

Tuseme unatua eapoti ya Bole saa tatu usiku na ndege ya pili inahata kesho jioni. Kazi mob unaimaliza ukiwa bado Kanairo. Ukiwa na paspoti ya Kenya huitishwi visa ya Ethiopia. Mwenye ako na ya nchi ingine acheki mapema. Ethiopian Airlines hupeananga hoteli kwa transiti ndefu, lakini kuna masharti: safari yote ikuwe kwa tiketi moja, na kusiwe na ndege ya mapema yenye ungeshika. Uliza siku ya kununua tiketi, si usiku kwa kaunta na laini imefika mlangoni. JKIA nako uliza begi kubwa inaishia wapi. Mara mingi inaenda hadi mwisho wa safari, so sweta, chaja, mswaki na dawa zikae kwa ile ndogo. Sweta usidharau. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na usiku baridi yake haina adabu.

Ukishatua, hakuna kuzubaa. Badilisha doo kidogo kwa benki ya hapo, chukua laini. Safaricom wako Ethiopia tangu 2022 na M-PESA ikafuata 2023, so utaona ile kijani ukadhani uko Tao, lakini hiyo ni laini yao na unasajiliwa na paspoti. Alafu ndae. Dere mwenye anakushika mkono wa begi hapo nje, mwache. Tumia gari ya hoteli ama apu ya RIDE, yenye ilianzishwa na manzi programa, Samrawit Fikru, ju alichoka na noma ya kusaka teksi akitoka job usiku. Mamanzi wenye husafiri solo, hiyo stori mnaijua bila kuambiwa. Namba ya gari isomwe kabla mlango ufunguliwe, kaa nyuma, na tumia beshte lokesheni mpaka ufike kwa keja yako ya usiku. Ukifika, funga mlango. Klabu za Bole zitakuwa hapo siku ingine.

Sasa kuna kitu hufanya wazungu wakose ndege: Waethiopia wanahesabu saa ka sisi. Jua likitoka, hesabu inaanza. Dere akiambia Mjerumani "tuu oklok," anamaanisha saa mbili asubuhi, na Mjerumani anatokea saa nane mchana akiuliza watu wako wapi. Wewe umezaliwa na hiyo hesabu, uko nyumbani. Chenga ni moja tu: tiketi ya ndege inafuata saa ya kizungu, so mkipatana na dere, taja asubuhi ama jioni. Na ukiona tarehe ya risiti iko nyuma miaka saba ama nane, hujaibiwa. Kalenda yao ni yao, na ina miezi kumi na tatu.

Asubuhi anza na Nashenali Musiam, pande za Amist Kilo. Hapo ndio Lucy ako, ile mifupa maarufu ya mababu wa kitambo. Wenyewe humuita Dinkinesh. Alipatikana Hadar 1974, na ana miaka milioni 3.2. Yule wa kabati ni nakala, mifupa yenyewe hufichwa. Sisi hujigamba na Turkana Boy, lakini huyo ana milioni moja na nusu hivi. Mbele ya Lucy ni mtoi wa juzi. Kutoka hapo panda polepole mpaka Sidist Kilo (hewa ni nyembamba, mapafu yatakuambia). Ndani ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa kuna jumba la zamani la Haile Selassie, siku hizi ni musiam, na unaonyeshwa hadi bafu ya mfalme. Mimi hiyo bafu naipenda kuliko sanamu zote za mji.

Alafu Piazza. Nyumba mob za zamani zilibomolewa 2024, so mapu ya kitambo itakudanganya. Hapo ndio kuna musiam mpya ya Adwa, vita ya 1896 yenye mfalme Menelik na mkewe Taytu walichapa Italia. Kahawa chukua Tomoca, wako kwa hiyo game tangu 1953. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, so itisha beyaynetu, injera na mboga za kila rangi. Ukialikwa buna (kahawa) ya jebena, ile birika yao ya udongo, jua ni vikombe tatu: abol, tona, baraka. Hiyo si kahawa ya kukimbia nayo.

Kuwa chonjo na watoi wa kuuza tishu: sanduku linakugusa kifua, mkono uko kwa mfuko. Kuna pia "mwanafunzi" mpoa mwenye anakualika kahawa kwa nyumba fulani, alafu bili inakuja ya harusi. Usipige picha ikulu ama wanajeshi. Merkato, ile soko yao kubwa, iruke, si ya msee solo mwenye anacheki saa.

Rudi Bole masaa matatu kabla, ju mabegi yanapitishwa kwa mashine hapo mlangoni kabla hujaona kaunta. Na ka transiti yako ni masaa tano za usiku, wachana na mtaa kabisa. Tafuta kiti karibu na geti, begi chini ya miguu, alamu mbili.